KUCHAGUA MNG'AO WA RANGI KATIKA VYUMBA VYA NYUMBA
(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Malipo ya mazao yanapokwisha kutolewa, dalili mbili huonekana mapema vijijini: mabati mapya juu ya paa, na makopo ya rangi yanayopungua madukani. Hilo ni jambo la heri. Mkulima aliyeshika jembe msimu mzima ana haki ya kulala katika nyumba iliyo safi na yenye kupendeza. Lakini ipo dalili ya tatu, nayo huonekana baadaye. Masika yakipita, kuta zile zile zilizopakwa kwa gharama kubwa huanza kuvimba, kubanduka na kuota ukungu mweusi. Fundi hulaumiwa, mwenye duka hulaumiwa, na kiwanda nacho hulaumiwa. Hata hivyo, mara nyingi rangi yenyewe ilikuwa nzuri. Kosa ni kwamba ilipakwa mahali pasipo pake.

Mazungumzo haya hayahusu uchaguzi kati ya rangi ya samawati na rangi ya maziwa. Jambo hilo ni la macho ya wenye nyumba, na hakuna mtu wa nje anayeweza kuwaamulia. Yanahusu mng'ao wa rangi, yaani kama ukuta utakuwa wa kung'aa, wa kung'aa kidogo, au usiong'aa kabisa. Wengi hudhani kwamba kung'aa ni ubora, na kwamba rangi isiyong'aa ni ya mtu asiye na fedha. Sivyo. Mng'ao ni chombo cha kazi kama jembe na panga. Jembe halikati kuni, na panga halipalilii. Vivyo hivyo, mng'ao huchaguliwa kwa kuangalia mambo mawili: kazi inayofanyika chumbani, na hali ya ukuta wenyewe.

RANGI IMEFANYIKA VIPI

Kila kopo la rangi lina vitu vikuu vitatu ndani yake. Cha kwanza ni unga wa rangi, ambao ndio unaofunika ukuta na kutoa weupe, wekundu au samawati. Cha pili ni gundi, ambayo huushika unga huo usidondoke. Cha tatu ni majimaji ya kuyeyushia, ambayo huondoka hewani rangi inapokauka. Katika rangi ya maji, majimaji hayo ni maji ya kawaida. Katika rangi ya mafuta, ni tapentaini au thina.

Siri ya mng'ao imo katika uwiano wa unga na gundi. Gundi ikiwa nyingi, huufunika unga wote na kufanya ngozi nyororo kama kioo. Mwanga ukiipiga ngozi hiyo hurudi kwa pamoja, na jicho huona kung'aa. Gundi ikiwa chache, punje za unga hujitokeza juu, na ingawa jicho haliwezi kuziona, hufanya uso wenye vituta vidogo vidogo. Mwanga ukiupiga uso huo hutawanyika pande zote, na ukuta huonekana umetulia bila kung'aa.

Kutokana na jambo hilo moja yanafuata mengine. Rangi yenye gundi nyingi huoshwa kwa maji na sabuni bila kuharibika, na uchafu haujipenyezi ndani yake. Lakini haipitishi unyevu kwa urahisi, na hudhihirisha kila kasoro ya ukuta: nyufa, mabonde, na alama za mwiko wa fundi. Rangi isiyong'aa ina tabia za kinyume. Huficha kasoro, huruhusu unyevu kiasi kutoka ukutani, na mahali palipoharibika huweza kutiwa kiraka kisichoonekana sana. Lakini hushika uchafu upesi, na ikisuguliwa kwa nguvu hubaki na mabaka.

Ndiyo maana wahenga walisema kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Hakuna rangi iliyo bora kuliko nyingine katika mambo yote. Kila daraja ya mng'ao hutoa faida moja na kuchukua nyingine.

Katika maduka, rangi hizi kwa kawaida hupatikana kwa daraja tatu. Ya kwanza ni isiyong'aa, ya pili ni yenye mng'ao wa kadiri, ambayo mafundi huilinganisha na hariri, na ya tatu ni ya kung'aa sana. Makopo mengi huandikwa kwa Kiingereza: matt, silk na gloss. Katibu anayeyajua maneno hayo matatu atawasaidia wanachama wengi, maana wapo wanaobeba kopo kutoka mjini kwa kuangalia picha iliyo juu yake tu.

UKUTA KWANZA, RANGI BAADAYE

Kabla ya kuchagua mng'ao, yafaa ukuta uchunguzwe. Yako maswali matatu ya kuuliza.

Swali la kwanza: je, ukuta umekauka? Lipu mpya ya saruji huhitaji muda wa wiki nne hivi kukauka, na wakati wa mvua huhitaji zaidi. Saruji mbichi ina ukali kama wa magadi. Rangi ya mafuta ikipakwa juu yake, ukali huo huishambulia gundi na kuigeuza kuwa kitu laini kinachofanana na sabuni. Kisha rangi hunata, hubadilika sura na kubanduka. Mwenye haraka ya kuhamia nyumba mpya anaweza kupaka kwanza chokaa, au rangi ya maji isiyong'aa kwa mikono miembamba pale lipu inapoonekana imekauka, na kuiacha rangi ya kung'aa hadi msimu unaofuata. Haraka haraka haina baraka.

Yapo majaribio rahisi ya unyevu yasiyogharimu kitu. Kipande cha nailoni cha upana wa nusu mita hubandikwa ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, kisha huachwa kwa siku moja. Kikionekana na matone ya maji upande wa ndani, ukuta bado una maji na haufai kupakwa rangi ya kung'aa.

Swali la pili: unyevu unatoka wapi? Ukuta wenye alama ya maji karibu na sakafu, au wenye unga mweupe wa chumvi unaojitokeza juu ya lipu, hauna ugonjwa wa rangi. Una ugonjwa wa maji. Huenda paa linavuja, huenda maji ya mvua yanatuama penye msingi, au huenda udongo wa nje umepanda juu kuliko sakafu ya ndani. Rangi ya kung'aa haiwezi kuyazuia maji hayo. Huyafungia ndani tu, nayo hutafuta njia ya kutokea na kuisukuma rangi mpaka ivimbe kama lengelenge. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mfereji wa kuondoa maji nyuma ya nyumba, ambao mwenye nyumba anaweza kuuchimba mwenyewe, unaweza kuokoa fedha nyingi kuliko kopo lolote la rangi.

Swali la tatu: ukuta ulipakwa nini zamani? Mwenye nyumba na apitishe kiganja ukutani. Kikitoka cheupe, hapo pana chokaa au rangi kuukuu iliyokwisha nguvu. Rangi mpya ikiwekwa juu ya vumbi hilo haitaushika ukuta, itashika vumbi. Na vumbi likianguka nayo itaanguka. Lazima ukuta upigwe brashi ngumu, ufutwe na kuachwa ukauke kabla ya kazi kuanza. Ukuta wenye masizi ya kuni au ya koroboi uoshwe kwa sabuni, kwa sababu masizi hupenya juu ya rangi mpya na kuacha madoa ya kahawia.

CHUMBA KWA CHUMBA

Sebule ni chumba cha wageni, nacho ndicho kinachowashawishi wengi kununua rangi ya kung'aa sana. Hapo yafaa kufikiri. Kuta za sebule ni pana na mwanga wa dirisha huzipiga kwa upande, kwa hiyo kila kasoro ya lipu huonekana. Lipu ikiwa imenyooka vizuri, mng'ao wa kadiri unafaa, kwa sababu huvumilia mikono ya watoto na migongo ya viti. Lipu ikiwa na mabonde, rangi ya maji isiyong'aa itaipa nyumba heshima zaidi. Wapo wanaopaka rangi ya kung'aa ili kuongeza mwanga katika chumba chenye dirisha dogo. Kinacholeta mwanga hasa ni weupe wa rangi. Nyeupe au ya maziwa isiyong'aa huusambaza mwanga chumbani kwa upole. Rangi iliyokoza, hata iking'aa kama kioo, huumeza mwanga na kuacha mwako mmoja tu unaoumiza macho.

Chumba cha kulala hakiguswi sana wala hakina mvuke mwingi. Rangi ya maji isiyong'aa inatosha, nayo ni ya gharama nafuu. Chumba cha watoto ni tofauti. Hapo yafaa mng'ao wa kadiri, au ukuta ugawanywe sehemu mbili: ukanda wa chini wenye kimo cha mita 1.2 hivi upakwe rangi inayooshwa, na sehemu ya juu ipakwe isiyong'aa. Mtindo huu umezoeleka katika madarasa na zahanati nyingi za Afrika Mashariki, na sababu yake ni ya busara: uchafu wa mikono na miguu hauzidi kimo hicho, basi hakuna haja ya kulipia uimara huo mpaka darini. Ushoroba nao hufaidika vivyo hivyo.

Jikoni kuna mvuke, mafuta na moshi. Kwa jiko lililo ndani ya nyumba, linalotumia gesi, mafuta ya taa au umeme, yafaa rangi ya kung'aa au yenye mng'ao wa kadiri, hasa nyuma ya jiko na penye kuoshea vyombo. Lakini jiko la mafiga na kuni lililojengwa nje lina hukumu nyingine. Masizi yake hayashindwi na rangi yoyote, na fedha ya rangi ya kung'aa itapotea bure. Chokaa inayopakwa upya kila mwaka ni nafuu na hulipa jiko sura safi. Jambo lililo muhimu zaidi hapo ni tundu la kutolea moshi, kwa ajili ya mapafu ya mpishi.

Bafu na choo cha ndani huhitaji rangi ya kung'aa mahali maji yanaporuka, kwa sababu maji huiteleza ngozi yake na ukungu hauna mahali pa kushika mizizi. Hata hivyo, rangi peke yake haitoshi. Bafu lisilo na dirisha litaota ukungu hata likipakwa rangi ya kung'aa mara mbili. Dirisha dogo la juu lifunguliwe kwanza, ukungu uliopo usuguliwe kwa maji yenye dawa ya klorini, mwenye kusugua akiwa amevaa glavu na mlango ukiwa wazi, ukuta ukauke, ndipo rangi ifuate.

Dari, isipokuwa ya bafuni, ipakwe nyeupe isiyong'aa. Hakuna mtu anayeigusa dari, na rangi ya kung'aa huonyesha kila kiungo cha ubao na kila kichwa cha msumari. Dari ya bafu, kwa sababu ya mvuke, yaweza kupewa mng'ao wa kadiri.

Milango, fremu na madirisha ya mbao hupaswa kupakwa rangi ya kung'aa, kwa sababu hushikwa kila siku na hupigwa na mvua na jua. Mbao isuguliwe kwa msasa, ipakwe rangi ya kutangulia, kisha ipate mikono miwili ya rangi ya kung'aa. Grili na milango ya chuma huhitaji kwanza kusuguliwa kutu na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Bila hatua hiyo, kutu huendelea kula chini ya rangi, na mwenye nyumba huona mlango mzima mpaka siku unapotoboka.

NYUMBA ZA UDONGO NA ZA MAWE YA MATUMBAWE

Wapo wanachama wanaoishi katika nyumba za matofali mabichi au za miti na udongo. Kuta hizo huvuta unyevu na kuutoa, kama mtu anavyovuta pumzi. Rangi ya mafuta huzifunga pumzi. Unyevu uliokusanyika ndani huulainisha udongo, na siku rangi inapobanduka hutoka na kipande cha ukuta. Kwa nyumba hizo, chokaa ni bora kuliko rangi ya dukani iliyo ghali, wala si alama ya unyonge. Chokaa iliyopakwa hunyonya hewa ya kaboni na kurudia hali ya jiwe, hung'arisha chumba, na kwa ukali wake huzuia ukungu. Upungufu wake ni kwamba huchafua nguo ikiguswa na huhitaji kurudiwa mara kwa mara.

Chokaa iliyokwisha kuzimwa huchujwa, kisha huchanganywa na maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Ukuta hunyunyiziwa maji kwanza, na chokaa hupakwa mikono miwili au mitatu iliyo miembamba, siyo mmoja mnene. Anayeshughulikia chokaa kali isiyozimwa na awe mwangalifu mno. Chokaa hutiwa kidogo kidogo ndani ya maji. Maji hayamwagwi juu ya chokaa, kwa sababu huchemka ghafla na kuruka. Macho yafunikwe kwa miwani, na watoto wakae mbali.

Funzo hilo hilo linapatikana pwani. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na zile za mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa mwaka 2001, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa. Mawe hayo hubeba chumvi na unyevu. Chini ya chokaa, kuta hizo zimesimama vizazi kwa vizazi. Zinapofunikwa kwa saruji na rangi zisizopitisha hewa, unyevu hukosa njia, lipu huachana na mawe, na ukuta huanza kuoza kutoka ndani. Wajenzi wa kale hawakuichagua chokaa kwa kukosa kitu kingine tu. Waliujua ukuta wao.

HATARI YA RISASI

Ndugu Wanachama, mpaka hapa kosa la kuchagua vibaya ni hasara ya fedha. Lipo kosa jingine ambalo hasara yake haifidiwi kwa fedha, nalo ni rangi yenye madini ya risasi.

Kwa miaka mingi viwanda vya dunia vilitia risasi katika rangi, hasa rangi za mafuta za kung'aa, ili zikauke upesi na ziwe na rangi kali ya manjano, ya machungwa, nyekundu au kijani. Madhara yake si habari mpya. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia matumizi ya risasi nyeupe katika kazi ya kupaka rangi tangu mwaka 1921. Marekani ilipiga marufuku rangi zenye risasi katika nyumba za kuishi mwaka 1978, na mwaka 2009 ikashusha kiwango kinachoruhusiwa hadi sehemu 90 katika sehemu milioni moja. Kiwango hicho hicho ndicho kinachopendekezwa kwa nchi zote na shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mazingira.

Risasi haina harufu wala ladha ya kumtahadharisha mtu. Rangi ikichakaa kwenye mlango au dirisha, huwa vumbi na vipande vidogo sakafuni. Mtoto anayetambaa hushika sakafu kisha hutia vidole kinywani. Bandu bandu huisha gogo: vumbi kidogo la kila siku hujikusanya mwilini, na huharibu ubongo wa mtoto ungali unakua, likampunguzia uwezo wa kujifunza. Mtoto huyo haonekani mgonjwa. Huonekana mzito darasani tu, na huenda akaadhibiwa kwa uvivu. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Kwa sababu hiyo, yafuatayo hayana budi kuzingatiwa na kila mwenye nyumba. Kwa kuta za ndani, rangi ya maji itangulizwe, kwa kuwa risasi imepatikana zaidi katika rangi za mafuta. Rangi ya mafuta kwa ajili ya milango na madirisha inunuliwe ikiwa ndani ya kopo lililofungwa, lenye jina la mtengenezaji, alama ya shirika la viwango la nchi, na maelezo kwamba haina risasi. Rangi iliyopimwa kutoka pipa lisilo na jina haijulikani ina nini, hata ikiwa bei yake ni ndogo.

Mlango wa zamani uliopakwa rangi nyingi usisuguliwe ukiwa mkavu wala usichomwe kwa moto ili kuondoa rangi. Usuguliwe ukiwa umelowa, nje ya nyumba, watoto na wajawazito wakiwa mbali. Vipande vikusanywe na kutupwa mbali na bustani, banda la kuku na kisima, na sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji. Mbao kuukuu zilizopakwa rangi zisipikiwe, kwa sababu moshi na majivu yake hubeba sumu hiyo hiyo. Na ndoo iliyokuwa na rangi, hata ikisuguliwa mpaka ikatakata, isitiwe maji ya kunywa, unga wala maziwa.

HESABU KABLA YA SAFARI YA DUKANI

Mwanachama asiyepima hununua rangi pungufu, kisha hurudi dukani akute rangi ya mchanganyiko mwingine usiolingana na wa kwanza. Au hununua kupita kiasi, na fedha ya ada ya shule ikaganda ndani ya kopo. Hesabu yenyewe ni nyepesi.

Chumba cha mita 4 kwa mita 3, chenye kimo cha mita 2.7, kina mzingo wa mita 14. Mita 14 mara mita 2.7 ni mita za mraba 37.8. Mlango na dirisha huondoa mita za mraba 3.3 hivi, zikabaki 34.5. Kwa mikono miwili ya rangi, eneo la kupakwa ni mita za mraba 69. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kiasi cha mita za mraba 10 katika ukuta laini kwa mkono mmoja, kwa hiyo lita 7 zinahitajika, na makopo mawili ya lita 4 yanatosha. Ukuta wenye lipu ya kukwaruza hunywa rangi zaidi, na fundi apaswa kuuliza maelezo ya kopo kabla ya kukadiria. Dari ya chumba hicho, mita za mraba 12 kwa mikono miwili, huhitaji lita 2 na nusu hivi.

Wakati wa kupaka nao una hesabu yake. Miezi mikavu ifuatayo masika, kati ya Juni na Septemba katika sehemu nyingi, ndiyo inayofaa. Mkono wa kwanza wa rangi ya maji upewe saa nne hivi kabla ya wa pili, na rangi ya mafuta ipewe usiku mzima. Kazi ianze darini, ifuate kuta, na imalizikie kwenye milango na madirisha, ili matone ya juu yasiharibu yaliyokwisha kufanyika chini. Madirisha yawe wazi muda wote, na hakuna mtu anayepaswa kulala katika chumba kinachonuka thina.

KAZI YA CHAMA

Mambo haya yanaonekana kuwa ya nyumba ya mtu mmoja mmoja, lakini chama kinaweza kuyarahisisha. Wanachama kumi wanaokusudia kupaka nyumba zao msimu mmoja wanaweza kumpa katibu vipimo vyao, naye akaagiza kwa pamoja. Agizo kubwa hupata bei nzuri, usafiri hugawanywa, na makopo ya namba moja ya mchanganyiko hutoka dukani siku moja. Katibu na aandike katika daftari aina, mng'ao, idadi ya lita na namba iliyopigwa juu ya kopo, na kila mwanachama atie saini anapopokea. Rangi ikionekana na kasoro, chama kitakuwa na ushahidi wa kudai, ambao mtu mmoja hawezi kuwa nao.

Ngazi moja madhubuti, brashi na rola chache, na kipande cha nailoni cha kupimia unyevu vinaweza kukaa katika ghala la chama na kuazimwa kwa zamu. Na kamati inayopanga kupaka ofisi ya chama ianze kwa kutoa mfano: rangi inayooshwa katika ukanda wa chini pale wanachama wanapopanga foleni siku ya malipo, isiyong'aa juu na darini, na mfereji wa maji ya mvua kabla ya kopo la kwanza kufunguliwa.

Ndugu Wanachama, fedha ya mazao ni jasho, na jasho halifai kubandikwa ukutani likadondoka na mvua ya kwanza. Mwenye nyumba anayeuliza kwanza chumba hiki kinafanya kazi gani, ukuta huu una hali gani, na mtoto atakayetambaa sakafuni hapa atashika nini, huyo amekwisha kuchagua vizuri kabla hajaingia dukani. Rangi yake huenda isimeremete kama ya jirani. Lakini msimu ujao itakuwa ingali ukutani, na malipo ya msimu huo yatakwenda kwenye kazi nyingine.